Mkono wa Mashine ya Kahawa

"Mwili hauna kumbukumbu. Kumbukumbu iko kichwani, na faraja iko kanisani. Haya mengine ni kutingishika tu mbele ya televisheni."

Mwanangu Elinipa,

Maneno hayo unayajua. Aliyasema baba yako mkubwa, Mzee Ndewario, kwenye mkutano wa chama chetu cha ushirika, wewe ukiwa umekaa nyuma kabisa na kamera mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Naanza nayo kwa sababu kesho asubuhi unakwenda Dar es Salaam, na mimi mama yako, ambaye sijawahi kuliacha neno la uongo lipite bila kulijibu, hilo nililiacha likapita. Leo nalijibu. Najibu kwa kuchelewa, begi lako limeshafungwa na liko pale mlangoni, nalitazama ninapoandika.

Kama mwili hauna kumbukumbu, Mzee Ndewario atueleze kwa nini mpaka leo akifika kwenye kona ya mfereji anarusha mguu wa kushoto juu, kukwepa jiwe ambalo vijana waliling'oa zamani. Atueleze kwa nini Mama Ndeshi akisikia mtoto wa jirani analia anarekebisha kanga mgongoni, na mgongoni hakuna mtu. Kichwa ndicho kinachosahau, mwanangu, na kichwa cha mwenye cheo ndicho kinachosahau upesi zaidi. Nakuambia kwa uzoefu. Mimi nilikuwa katibu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kuangalia mzigo kituoni. Hayo utaambiwa na bibi yako, uliyeteremka Kikwe kumuaga, na najua hatakuachia nafasi ya kupumua. Mimi nataka kukuambia mambo ambayo uso kwa uso nitayageuza kuwa mabishano. Unanijua. Ukiniambia "mama, pole," mimi nauliza pole ya nini na nani aliyesababisha.

Nianze na kamera. Ulipoacha kazi ya ukarani ukaenda kuajiriwa na Bwana Shabani pale Daraja Mbili, kupiga video za harusi, nilisema mbele ya wageni kwamba nimesomesha mtoto akawe mpambe wa keki. Nilikufuata mpaka studioni kwake nikiwa na hotuba tayari kichwani. Yule bwana, na kofia yake ya kushonwa, aliniwekea kiti, akaagiza chai, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema: "Mama, binti yako ana jicho. Ila ananitia aibu kwa wateja. Juzi nimempeleka harusini, bibi harusi anakata keki, yeye kamera ameielekeza dirishani. Mti! Kanda nzima, mti unapepea. Baba wa bibi harusi ananiuliza, Shabani, huyu mti ni wa upande wa nani?"

Nilicheka bila kupenda. Nikamuuliza mbona hajakufukuza. Akasema: "Nilitaka. Lakini mke wangu aliiona ile kanda akaomba airudie. Tangu tumzike mama yake hakuwahi kukaa chini akatulia. Sasa mimi nitamfukuzaje mtu kama huyo?"

Niliondoka pale nikiwa nimeshindwa hoja, na mtu wa aina yangu akishindwa hoja hakubali, anabadilisha mada. Nikaanza kulaumu soko huria. Nilisema ni zilezile ruhusa zilizotuletea mitumba, vibanda vya video na malori ya wanunuzi binafsi, ndizo zilizokuletea kamera. Niliandika hata gazetini. Wewe, miezi ile baba yako alipokuwa hai, ukawa unapanda na kamera kuukuu ya Bwana Shabani kila Jumapili, unapiga picha mfereji, ukungu unaoteremka kutoka Meru, migomba iliyochanwa na upepo. Wakati mwingine ulimpiga yeye akimenya kahawa. Aliniuliza siku moja, "Mama Elinipa, huyu mtoto anatafuta nini kwangu?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mimi nina mkutano."

Halafu baba yako akafa.

Kuhusu msiba ule hatujazungumza, wewe na mimi, hata mara moja. Tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, alipo baba yake. Kina mama walikuwa wamekuja kutoka Akheri yote, kanga zimefungwa kiunoni, wako tayari kulia nami. Mchungaji akaniambia niseme neno la shukrani. Nikasimama. Unakumbuka nilichosema? Nilisema bei ya kahawa ndiyo iliyomuua. Nilisema mtu aliyeitunza mibuni tangu ujana amelazimika kuwatazama jirani zake wakiing'oa wapande nyanya. Nikawataja wanunuzi, nikawataja viongozi wa ushirika waliokula na wanunuzi, nikanyoosha mkono wa kulia juu ya kaburi lililo wazi. Na nilisema vizuri, mwanangu. Huo ndio ubaya wake. Nilisema vizuri sana.

Wakapiga makofi.

Watu hawapigi makofi kaburini. Mimi niliwafanya wapige. Na wakishapiga makofi hawawezi tena kulia. Kilio kilirudi vifuani mwao kikakaa huko. Wewe ulikuwa umesimama upande wa pili na udongo mkononi, unasubiri nimalize. Nilipomaliza ulikuwa umeshauachia chini bila kuurusha. Niliuona udongo ule ukianguka kando ya kiatu chako. Nikaendelea kusalimiana na watu.

Tangu wiki ile bega langu la kulia halikupanda. Hospitali walinichua, wakanipa dawa ya kupaka, nikaambiwa ni umri. Nilijifunza kuandika bei ubaoni pale chamani kwa kuinama. Wewe uliniangalia nikishindwa kutoa sufuria kwenye rafu, ukasema taratibu, "Mama, huo mkono umebaki pale." Nikakuuliza pale wapi, kwa sauti ya kukukomesha. Ukakoma.

Sasa banda. Mtambo wa kumenya kahawa wa chama ulikuwa umeshanyamaza, kwa sababu watu walikuwa wanauzia malori barabarani. Banda lilibaki na sakafu yake ya saruji na umeme wake wa mgao. Uliliomba kwa ajili ya jioni za Alhamisi, ukalipata kwa sababu hakuna aliyelitaka. Mama Ndeshi ndiye uliyemwita kwanza. Alikuwa amezika vijana wake wawili kwa ugonjwa ule ambao huku tuliuita kifua, malaria, kurogwa, majina yote isipokuwa jina lake, na kwa kuwa hatukuutaja hakupata hata mtu wa kulia naye vizuri. Wengine walimfuata kwa udadisi. Na mimi nilikuja, nikasimama mlangoni na mkoba wangu, sikuingia.

Uliwasha televisheni. Maji yanaingia kwenye mfereji zamu inapofunguliwa, yanasukuma majani makavu, yanajaza nyayo za ng'ombe moja baada ya nyingine. Hakuna mtu, hakuna muziki. Ukasema, "Sina cha kuwafundisha, mama zangu. Tazameni. Mwili ukitaka kukaa, ukae. Ukitaka kusogea, uacheni usogee."

Mama Ndeshi akauliza, "Kwa hiyo tumekuja kutazama maji?"

"Ndiyo, mama."

"Haya haya ninayochota?"

"Hayo hayo."

"Basi, mwanangu, ungekuja kwangu na ndoo, tungetazama bure."

Banda zima likacheka, hata wewe. Lakini kicheko kilipoisha hakuna aliyeondoka. Ukungu ukaja kwenye televisheni, ukaufunika mlima, ukaufunua. Mama Ndeshi akaanza kuyumba, kidogo tu, kama mtu anayebembeleza. Kisha mikono yake ikashika uzito. Sina neno jingine. Haikuwa na kitu, na ilishika uzito, mmoja kushoto, mmoja kulia. Alitembea nao mpaka ukutani, akarudi, akainama taratibu, akauweka chini. Kisha akauweka wa pili. Nyuma yake mama mwingine alikuwa anachuma, vidole vyake vinachagua kahawa mbivu kwenye tawi lisilokuwepo, na huyo ndiye aliyeng'oa mibuni yake yote kabla ya mtu yeyote. Mwingine akawa anazungusha mkono wa mashine, anazungusha hewa, na machozi yanamtoka bila sauti.

Na mimi mlangoni nikasema, ili wasikie wote: "Na bei ya kahawa, itapanda?"

Hukugeuka. Ulisema, "Haitapanda, mama. Ila leo labda Mama Ndeshi atapata usingizi."

"Hata pombe inalaza."

Nililisema hilo. Nikafunga mkoba nikaondoka, na nilipozunguka banda nikamkuta Mzee Ndewario dirishani, upande wa nje, amejificha nyuma ya nguzo na kofia yake mkononi. Alikuwa akitazama ndani. Uso wake ulikuwa wa jiwe, lakini kisigino chake cha kulia kilikuwa kinapiga chini, kinapiga chini, kwa mwendo ule wa mtu anayekanyaga udongo ushindiliwe. Kumbuka, ndiye aliyemfukia mdogo wake. Aliponiona alikanyaga mguu wake wa kulia kwa mguu wake wa kushoto, kama mtu anayemzuia mbuzi. Wiki iliyofuata akaitisha mkutano.

Nataka uelewe nilivyonyamaza, maana umenihukumu kwamba sikuamini kazi yako. Ingekuwa afadhali. Mkutano ule ulikuwa na ajenda mbili. Ya kwanza ilikuwa wewe. Ya pili ilikuwa mnunuzi binafsi aliyetaka kulikodi banda liwe ghala lake, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba haliingii mikononi mwake. Nilihitaji sauti ya Mzee Ndewario kwa ajenda ya pili. Alinipitia nyumbani asubuhi yake akasema, "Shemeji, mimi nitalikataa lori. Wewe usinipinge kuhusu video." Nikamkaribisha chai.

Ndiyo maana alipomaliza kusema mwili hauna kumbukumbu, akanigeukia, "Katibu, una neno?" mimi nilisema, "Sina."

"Leo? Wewe?" Watu wakacheka.

"Sina, mwenyekiti."

Ulinitazama. Ulikuwa hujakasirika. Ulikuwa unanisubiri, kama ulivyonisubiri kaburini. Kisha ukasimama, ukasema, "Shikamoo, baba mkubwa. Nitatoa vyombo vyangu jioni," ukatoka.

Na ajenda ya pili tulishinda. Nikashangilia! Lori halikuingia bandani. Halikuhitaji kuingia; liliendelea kusimama barabarani na watu wakalipelekea kahawa mpaka mlangoni mwake. Banda likafungwa kufuli, ufunguo akabaki nao Mzee Ndewario, na ndani sasa hakuna kahawa wala kina mama, kuna panya. Nilikutana na Mama Ndeshi gulioni Tengeru. Hakunisalimia kwa jina. Alisema tu, "Mmenifungia maji yangu," akaendelea kuchagua nyanya.

Wewe ulivumilia kidogo, kisha ukaja na habari ya kampuni moja ya video huko Dar inayotafuta watu wa kubeba nyaya. Nikasema kubeba nyaya ni utumwa. Ukasema, "Hapa sina cha kubeba, mama." Ilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyekunyang'anya.

Jana ulipokwenda Daraja Mbili kumuaga Bwana Shabani, umeme ulirudi. Uliniachia kanda juu ya kabati, ile uliyoniambia tangu msiba kwamba ni ya baba na nikakuambia sina muda. Niliiweka.

Sikuuona uso wake kwanza. Uliipiga mikono yake. Mikono ya baba yako imeshika kahawa mbivu, inazimimina kwenye mashine yetu ndogo ile ya nyuma ya jiko, maji yanapita. Wewe unajua mashine ile inataka watu wawili, mmoja wa kumimina na mmoja wa kuzungusha. Tangu tuoane tulifanya hivyo: yeye anamimina, mimi nazungusha, kwa mkono wangu wa kulia. Nasikia sauti ya mwanamke nyuma, kali, inabishana na mtu kuhusu makato ya ushirika. Ilinichukua muda kutambua kwamba mwanamke yule ni mimi. Nazungumza, nazungumza. Na baba yako anatabasamu akisikiliza, kama mtu anayesikiliza redio anayoipenda. Halafu anasema, "Mama Elinipa, njoo tuzungushe."

Sauti yangu inajibu: "Subiri, namalizia."

Akasubiri. Hukuizima kamera, mwanangu, na sasa najua kwa nini. Alisubiri na mkono wake juu ya mkono wa mashine, akitazama maji. Mimi nikaendelea kusema. Baada ya muda akaanza kuzungusha mwenyewe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akimimina, kahawa zikimwagika pembeni, akiinama kuziokota. Kanda inaishia hapo na sauti yangu bado haijamaliza.

Sikupanga kusimama. Nilikuta nimesimama katikati ya chumba na mkono wangu wa kulia umetoka mbele. Bega liliuma mpaka nikaona giza. Nikazungusha. Mashine haikuwepo na nilihisi uzito wake, pale inapokaza katikati ya mzunguko, pale inapoachia. Nilizungusha mpaka kanda ikajirudisha yenyewe ikazima. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, jirani akabisha hodi akidhani kumetokea kifo. Nikamwambia ndiyo, kimetokea. Akaingia, akakaa nami, hakuuliza kifo cha nani. Ulipofika jioni uliniona macho yamevimba ukadhani nalilia safari yako. Ilikuwa hiyo pia.

Mkono haujapona, nisikudanganye. Leo umepanda mpaka usawa wa masikio, kesho sijui. Na kina mama wale, hakuna aliyefufuliwa mtoto. Watakuja watu wenye magari meupe na mikoba ya ngozi, watakuuliza ni wangapi wamepona, watataka uwapige picha mama zetu kabla na baada. Nakuomba uwe mkali hapo, ukali huo nakurithisha wote. Waambie hujui kuponya. Waambie uliweka maji mbele ya watu waliokatazwa kulia, basi. Na usimpige picha mtu analia kama hajui kwamba upo. Baba yako alijua upo, nimeliona jicho lake.

Na siku moja, Elinipa, utapewa ajenda mbili. Huko Dar wanazo nyingi kuliko sisi. Atakuja mtu mwenye adabu, utamwekea chai, atakuomba unyamaze katika jambo dogo ili ushinde katika kubwa. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba jambo lile dogo, kwangu, lilikuwa limekaa nyuma ya ukumbi na kamera mapajani.

Sikuombi ubaki. Nilitaka kukuomba, nimeandika ukurasa mzima wa kukuomba nikauchana, ulikuwa na hoja nzuri mno. Nenda. Televisheni na ile deki ya kanda uniachie. Jumamosi hii chama kinakutana, na kwenye "mengineyo" nitaomba kusema. Maneno nitakayoyasema nakuletea wewe kwanza, kwa sababu yalikuwa yako, na nilipaswa kuyasema ukiwepo. Ni haya:

Mwenyekiti Ndewario, na ninyi wazee mliokaa naye meza ya mbele. Siku ile mliniuliza kama nina neno, nikasema sina. Nilikuwa nalo. Niliwauzia binti yangu kwa kura moja, na ninyi mlinunua. Banda lile tulilijenga kwa kahawa yetu, na kina mama ndio walioipeleka huko kwa vichwa vyao. Hatuwapi kahawa, hatuwapi bei, watoto wao hatukuwazika kwa majina ya ugonjwa wao. Angalau wapeni sakafu. Alhamisi nitakuwa mlangoni na televisheni, na Mama Ndeshi atakuwa nami, na nitaingia wa kwanza, mkono wangu ukiwa hivi mnavyouona. Shemeji, ulimfukia mdogo wako kwa mguu wako wa kulia, na mguu huo haujatulia mpaka leo, niliuona dirishani. Toa ufunguo mfukoni. Ukishafungua, usiondoke.